Kufumba Jicho kwa Wenye Chongo

Wahenga walisema: ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba jicho lako. Methali hii tumewafundisha watoto wetu miaka mingi, na pengine hatukusimama kuipima. Je, mtu mwenye macho mawili akifumba moja ili afanane na wenyeji wake, hasemi uongo kwa uso wake? Na kama ni uongo, mbona wazee wetu waliusifu?

Swali hili limenijia upya kwa sababu ya mzazi mmoja wa parishi yetu. Binti yake amepata nafasi ya kusoma Thailand kwa mwaka mmoja, katika mpango wa kubadilishana wanafunzi. Mzazi huyo aliniuliza: ni haki kijana wetu apige magoti mbele ya walimu wa huko, na kufanya adabu ambazo hazielewi wala hazimo moyoni mwake? Je, si kumfundisha unafiki? Ni swali zuri, na kwa kuwa linawahusu wengi wenye watoto ugenini, naomba nilijibu hapa kwa nafasi.

Kwanza tujue jambo lenyewe. Mipango ya namna hii si mipya. Shirika la AFS, lililotokana na madereva wa kujitolea wa magari ya wagonjwa katika vita vikuu viwili vya dunia, lilianza kubadilishana wanafunzi mwaka 1947. Tumaini lilikuwa kwamba vijana waliokula sahani moja hawatakuwa wepesi wa kupigana. Kijana hukaa katika nyumba ya wenyeji, huwaita baba na mama, huvaa sare ya shule pamoja na watoto wao, na hujifunza lugha yao.

Huko Thailand mwaka wa shule huanza katikati ya mwezi wa Mei. Saa mbili kamili asubuhi wanafunzi wako mstarini, bendera inapandishwa na wimbo wa taifa unaimbwa. Kisha, katika shule nyingi, husomwa sala za dini ya Kibuddha, ndiyo dini ya watu wengi wa nchi hiyo. Mwanafunzi akikutana na mwalimu huunganisha viganja mbele ya uso na kuinamisha kichwa. Salamu hii huitwa wai. Aliye mdogo huanza, na kadiri anayesalimiwa alivyo mkubwa, ndivyo viganja vinavyoinuliwa juu zaidi. Akipita mbele ya wazee walioketi, hujiinamisha. Hamgusi mtu kichwani, wala hamwelekezei mtu nyayo za miguu yake. Na kila asemapo na watu anaowaheshimu humalizia kwa neno dogo la adabu: mvulana husema khrap, msichana husema kha.

Lugha yenyewe si mchezo. Ina herufi za konsonanti 44, na maneno huandikwa yameshikana bila nafasi kati yao. Sauti zake za kupanda na kushuka ni tano, nazo hubadili maana. Maa kwa sauti ya kati ni kuja. Kwa sauti ya juu ni farasi. Kwa sauti ipandayo ni mbwa. Klai kwa sauti ya kati ni mbali, na kwa sauti ishukayo ni karibu. Basi mtu aweza kutaka kusema karibu, akasema mbali, na asijue kwa nini watu wanamshangaa. Kijana aliyekuwa wa kwanza darasani kwao huwa kama mtoto mdogo. Hawezi kutania, hawezi kubishana, hawezi hata kueleza kwamba kwao hakuwa mjinga.

Katika miezi hiyo ya ububu ana kitu kimoja tu cha kuwapa wenyeji wake: adabu za nje. Mikono yake huweza kusalimu kabla ulimi haujaweza kusema. Hapo ndipo lilipo swali la mzazi wetu. Mikono imetangulia, moyo bado uko nyuma. Je, huo ni unafiki?

Tuulize kwanza mnafiki ni nani. Mnafiki ni mtu anayetaka wengine waamini kwamba ana kitu ambacho hana, ili apate faida. Anahitaji mtu wa kumdanganya. Sasa mgeni huyu anamdanganya nani? Sura yake, matamshi yake na kigugumizi chake vyote vyasema kwamba ni mwanafunzi. Mwalimu anayepokea wai yake iliyopinda hadhani kwamba kijana ameyaelewa yote. Anaona mtu anayejaribu, naye hufurahia kule kujaribu. Mahali ambapo hakuna anayedanganywa, hapana uongo.

Pili, tujitazame wenyewe. Mtoto wetu husema shikamoo kabla hajajua heshima ni nini. Wengi husema kwamba asili ya neno hilo ni kushika miguu, lakini mtoto hajui habari hiyo. Ajua tu kwamba babu akipita husemwa hivyo, na babu huitika marahaba. Hatujapata kumwita mtoto huyo mnafiki. Twajua kwamba neno limepandwa mdomoni, na kwa siku nyingi litashuka mpaka moyoni. Nilipokuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu niliwaambia wanachuo: msingoje mpaka mwapende watoto ndipo mjifunze majina yao. Jifunzeni majina yote kwanza, na upendo ukija utaikuta njia imekwisha kufyekwa.

Wathai wana neno linaloeleza jambo hili vizuri. Kuelewa kwao ni khao jai, maana yake neno kwa neno ni kuingia moyo. Kitu kinachoingia hutoka nje. Hupita mlangoni, na mlango wa mgeni ni mikono yake, magoti yake na masikio yake. Wanalo pia neno kreng jai, ambalo ni ile haya ya kuogopa kumsumbua mwenzako au kumwelemea. Kijana aweza kuambiwa maana yake siku ya kwanza, wala asiijue. Ataijua siku ile atakapotambua kwamba mama mwenyeji amekaa na njaa akimngoja, bila kusema neno.

Lakini mtu atasema: je, kwa hoja hiyo si tutakubali kila kitu? Kama mikono yaweza kutangulia moyo, itatangulia mpaka wapi? Haki kabisa. Hapa yatupasa kupambanua.

Tutazame sherehe yao iitwayo Wai Khru, yaani kuwasalimu walimu, ifanywayo siku ya Alhamisi mwanzoni mwa mwaka wa shule. Wanafunzi huleta maua na majani yenye maana. Ukoka, kwa kuwa huenea upesi na haufi ukikanyagwa, ni mfano wa bidii. Ua la mti ambao jina lake maana yake ni sindano ni mfano wa akili kali. Ua la biringani, ambalo huchanua likitazama chini, ni mfano wa unyenyekevu. Kisha wanafunzi hupiga magoti mbele ya walimu na kuinama, kushukuru kwa mafunzo. Sioni ubaya wowote wa binti yetu kufanya hivyo. Shukrani kwa mwalimu ni shukrani kwa mwalimu, kwa magoti au kwa miguu.

Hata hivyo mara nyingi sherehe hiyo huanza kwa ibada mbele ya sanamu ya Buddha. Hilo ni jambo jingine. Adabu huelekezwa kwa mtu, na mtu huyo hujua kwamba mgeni bado anajifunza. Ibada husema neno juu ya kweli yenyewe. Anayesali sala asiyoiamini huikosea imani yake, na huikosea pia imani ya wenyeji, kwa sababu anafanya mchezo katika jambo ambalo wao wanalifanya kwa moyo. Kwa hiyo kusimama kimya kwa utulivu, viganja chini, ndiyo heshima kubwa zaidi kwa pande zote mbili.

Danieli na wenzake walipopelekwa Babeli walijifunza lugha na elimu ya Wakaldayo, na wakaitwa kwa majina ya kigeni. Hayo yote waliyapokea. Palikuwa na sahani moja tu waliyoikataa, nao waliikataa kwa kuomba kwa adabu. Huo ni mfano mwema kwa kijana wa shule: ajue mapema ni sahani ipi hataila, na zilizobaki azile kwa furaha. Na ikiwa kwa kutojua aliinama pamoja na wenzake, mzazi asimshambulie kwa barua kali. Tukumbuke Naamani, aliyemwambia Elisha mapema juu ya kuinama kwake katika nyumba ya Rimoni, na nabii alivyomruhusu aende kwa amani.

Liko na jambo la tatu. Wenyeji nao si watu wa fikra moja. Mwaka 1873 Mfalme Chulalongkorn aliondoa desturi ya watu kulala kifudifudi mbele ya mfalme, kwa sababu aliiona kuwa ni ya kukandamiza. Na mwezi wa Agosti 2020 wanafunzi katika shule nyingi waliinua vidole vitatu wakati wa wimbo wa taifa na kufunga utepe mweupe, wakidai mabadiliko katika nchi na katika kanuni za shule, hata kanuni za kukata nywele. Basi mgeni asirudi kwao akasema, Wathai ni watu wa kuinama tu. Wamo wanaoinama kwa upendo, wamo wanaoinama kwa hofu, na wamo wanaouliza kwa nini. Mgeni atakayeondoka baada ya miezi kumi hatalipa gharama ya ugomvi huo. Kwa hiyo asiwe mwepesi wa kuwasemea, wala wa kuwacheka. Lakini ana haki ya kusikiliza, na akili yake hakuiacha nyumbani.

Sasa twaweza kuielewa methali yetu. Wahenga walisema fumba jicho. Hawakusema litoboe. Jicho lililofumbwa laweza kufumbuliwa tena, lililotobolewa limekwisha. Anayekataa kulifumba hata kidogo atarudi na habari moja tu, kwamba watu wa kule ni wenye chongo. Anayelitoboa hatarudi na kitu cha kutuambia, kwa sababu amekuwa wao, na kwetu hayumo tena. Anayelifumba kwa muda, akajifunza wenzake wanavyouona ulimwengu, kisha akalifumbua, huyo ndiye aonaye zaidi kuliko alivyoondoka.

Nina neno la mwisho kwa sisi tuliobaki. Katika madarasa yetu pia wamo watoto waliohamia kutoka mbali, ambao Kiswahili chao bado kinajikwaa na salamu zao zimepinda. Yule anayesema neno lisilo mahali pake si mjinga. Pengine kwao alikuwa wa kwanza darasani. Mgeni amekwisha kufumba jicho kwa ajili yetu, nayo ni kazi ichoshayo. Sisi wenyeji tuna deni la kumvumilia, kumsahihisha bila kumcheka, na kumwitikia marahaba yake hata kama shikamoo yake imekuja kwa mtu asiyestahili au kwa saa isiyofaa. Tufanye hivyo mwaka huu, wapendwa, ili nasi tukiwapeleka watoto wetu kwa watu, tuwe na uso wa kuomba kwamba watendewe hivyo hivyo.