Mzaha Mzaha Hutumbuka Usaha: Kisa cha Silver Apples

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Anayedhani methali hii ni ya watoto wanaorushiana mawe, na asikie yaliyowapata Simeon Coxe na Danny Taylor wa New York, waliopiga muziki wa kielektroniki wakati wenzao wengi hawajui hata uitwe nini.

Mwaka 1967 Simeon alikuwa mwimbaji wa bendi ya magitaa iliyopiga katika vilabu vya Greenwich Village. Akaja jukwaani na osileta, kifaa cha mafundi umeme kinachotoa mlio mmoja mrefu, ambao hupanda na kushuka kadiri unavyozungusha kitufe. Wapiga gitaa hawakuupenda mlio ule. Wakajiondoa mmoja mmoja, hata akabaki Danny, mpiga dramu. Wawili hao ndio wakawa Silver Apples.

Ushirika wao ulikuwa wa ajabu. Simeon hakuwa mpiga kinanda, kwa hiyo alipanga osileta tisa moja juu ya nyingine, akaziunganisha na vibonyezo vya telegrafu, vidhibiti vyote vikafika 86. Alivichezesha kwa mikono, viwiko na miguu: huku sauti ya juu, huku mdundo, chini besi, na mdomo unaimba. Danny naye alizungukwa na ngoma nyingi, akazikaza au kuzilegeza hadi zikubaliane na sauti za mashine za mwenzake. Ngoma zake hazikutunza mwendo tu, zilijibu muziki. Studioni au jukwaani, hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake: mashine bila ngoma zingekuwa kelele, na ngoma bila mashine zingekosa wa kuzungumza naye.

Kampuni ya Kapp ikatoa albamu yao ya kwanza mwaka 1968. Julai 1969, binadamu alipotua mwezini, walikuwa Central Park wakiupigia umati uliokusanyika kuangalia tukio hilo. Nyota yao ilikuwa inapanda.

Mwaka huohuo ikatoka albamu ya pili, Contact. Kwa ajili ya jalada, shirika la ndege la Pan Am liliwaruhusu wapigwe picha ndani ya chumba cha rubani, nembo ya shirika ikionekana. Pan Am iliona hilo ni tangazo zuri: vijana wa kisasa ndani ya ndege ya kisasa. Lakini mtu akiligeuza jalada, nyuma alikuta mabaki ya ndege iliyoanguka, na wanamuziki wetu wameketi katikati yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Kwao ulikuwa utani. Kwa shirika linaloishi kwa imani ya abiria, jalada lile lilisema jambo moja tu: panda ndege ya Pan Am, uone mwisho wako. Pan Am ikaenda mahakamani. Albamu ikaondolewa madukani, maonyesho yakakwama, na Kapp, ambayo yenyewe ilikuwa inayumba, haikuwa na nguvu ya kuwatetea. Albamu ya tatu waliyokwisha kuianza ikabaki kwenye kanda. Kundi likafa, kila mmoja akaenda kutafuta riziki kwingine.

Tazama kosa lilipo. Hawakuiba nembo, ruhusa walikuwa nayo. Waliyekosa kumfikiria ni aliyetoa ruhusa: aliitoa kwa picha ya mbele, naye hakuulizwa kuhusu ya nyuma. Ruhusa ya kutumia jina la mtu si ruhusa ya kulifanyia mtakalo. Na katika kundi la watu wawili hatari huongezeka, maana wanaoelewana sana hucheka pamoja, wakamkosa wa tatu wa kuwaambia, "Jamani, hili litatuponza."

Muziki wenyewe haukuwa na hatia. Miaka ya 1990 vijana wa Ulaya na Marekani waliugundua upya, na mwaka 1996 Simeon akarudi jukwaani. Danny alipatikana baadaye, wakaungana tena, na kanda za zamani zikatoka mwaka 1998 kwa jina The Garden. Katika baadhi ya nyimbo Simeon aliweka milio mipya juu ya ngoma ambazo Danny alizirekodi akiwa kijana. Mwaka huohuo gari lao lilipata ajali, Simeon akavunjika shingo. Alipona, lakini muda waliobakiwa nao ulikuwa mfupi. Danny alifariki mwaka 2005. Simeon aliendelea kupiga peke yake, ngoma za rafiki yake zikitoka kwenye rekodi, hadi alipofariki mwaka 2020.

Zaidi ya miaka 25 ilipotea kati ya jalada lile na kurudi kwao, nayo ilikuwa miaka ambayo wangekuwa na nguvu kuliko zote. Nanyi mnaotengeneza midundo wawili wawili, mkisaka jina na wadhamini, shikeni hili: kabla kazi haijatoka, mwonyesheni mwenye nembo jalada zima, mbele na nyuma, akubali kwa maandishi. Akikataa, tafuteni utani mwingine.