Pesa za Mbwa, Pesa za Maskini



Katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki kuna namba ambayo wengi wetu hatujawahi kuifikia, maana imekaa mbali kule kwenye amri ya saba, baada ya habari za wizi na mali. Ni namba 2418. Inafundisha kwamba kumtesa mnyama au kumuua bila sababu ya maana ni kinyume cha heshima ya binadamu mwenyewe. Papo hapo inafundisha pia kwamba haifai kutumia kwa wanyama fedha ambazo kwanza zilitakiwa kupunguza taabu za watu. Hilo la pili tunalipenda sana huku kwetu. Tukiona picha ya mbwa wa Ulaya amevalishwa sweta tunacheka, tunasema "hawa wazungu bwana!", na tunajisikia Katekisimu iko upande wetu.

Subiri kwanza kabla hujacheka.

Kuna shirika huko California, Marekani, linaitwa Canine Companions. Halitafuti faida. Kazi yake ni kufundisha mbwa wa kuwasaidia watu wenye ulemavu, wakiwemo wale wanaotumia kiti cha magurudumu. Kumwandaa mbwa mmoja, tangu anazaliwa hadi anakabidhiwa, hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Anayempokea halipi hata senti kwa ajili ya mbwa huyo, fedha zinatoka kwa wafadhili. Nikajaribu kupiga hesabu: kwa fedha za mbwa mmoja, parokia yetu ingepata viti vya magurudumu vingapi? Madarasa mangapi? Niliacha katikati, inaumiza kichwa. Lakini swali halikuondoka. Wale wanaoongoza mashirika kama haya, wanaivunja namba 2418 au wanaitimiza?

Aliyeanzisha shirika hilo ni mwanamke aitwaye Bonnie Bergin, mwaka 1975, katika mji wa Santa Rosa. Katika safari zake za Asia alikuwa ameona watu wenye ulemavu wakijiegemeza kwa punda wao, na punda huyo huyo akiwabebea vyombo vya kuuza. Watu hao hawakuwa wamefichwa ndani. Walikuwa nje, wanatafuta riziki, wanapatana bei kama mtu mwingine yeyote. Aliporudi kwao akawaza: kwa nini isiwe mbwa? Mbwa wa kuwaongoza wasioona walishajulikana tangu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, lakini mbwa wa mtu ambaye mikono na miguu haimtii lilikuwa jambo geni, na walikuwepo wajuzi waliomwambia haliwezekani. Mbwa wa kwanza aliitwa Abdul. Alikabidhiwa kwa msichana wa kiti cha magurudumu ambaye misuli yake ilikuwa inazidi kudhoofika.

Hilo la punda mimi nalipenda sana. Kitu ambacho leo kinaonekana ni anasa ya matajiri, asili yake ni maskini na punda wake barabarani.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Watoto wa mbwa, aina ya Labrador au golden retriever au mchanganyiko wa hao wawili, wakifikisha wiki nane hivi wanapelekwa kwa familia za kujitolea. Familia inamlea kwa takribani mwaka mmoja na nusu. Inamfundisha kukaa, kungoja, kutorukia watu. Inamzoesha maduka, lifti, kelele za magari, watoto wanaopiga mayowe. Halafu inamrudisha. Ndiyo, inamrudisha, baada ya kumlea mwaka na nusu, na bila malipo. Wanaorudisha hulia kabisa. Baada ya hapo wakufunzi wanakaa naye miezi kadhaa wakimfundisha amri zipatazo 40: kuvuta kamba ili mlango ufunguke, kuwasha taa, kuokota funguo zilizoanguka, kuleta simu, kumvua mtu soksi. Mwisho kabisa anakuja mhitaji mwenyewe, anakaa takribani wiki mbili, anajifunza pamoja na mbwa wake.

Na sehemu kubwa ya mbwa hawafaulu. Mmoja anaogopa ngazi, mwingine anashindwa kumpuuza paka, mwingine nyonga zake si nzuri.

Jibu la haraka la swali letu ni kwamba fedha hizi si za mbwa, ni za mtu. Mbwa ni njia tu, kama vile kiti cha magurudumu ni njia. Basi hakuna ubishi, namba 2418 imetimizwa, tuende nyumbani. Jibu hilo si baya, ila limekwenda mbio mno. Mpinzani wangu (yupo darasani kwetu, frateri mwenzangu, mbishi kwelikweli) anasema: sawa, fedha ni za mtu, lakini ni za mtu mmoja! Kwa fedha hizo ungesaidia mia. Haki iko wapi hapo?

Kumjibu sikuanza na vitabu. Katika jumuiya ndogo ndogo ninayosali nikiwa likizo kuna baba mmoja aliyepooza miguu. Kila Jumapili vijana wanamnyanyua na kiti chake kupandisha ngazi za kanisa. Wanafanya kwa moyo kabisa, sijawahi kuwaona wakinung'unika. Siku moja nilikaa naye baada ya Misa tukisubiri bajaji, akaniambia, "Frateri, mimi sichoki kukaa humu. Nachoka kusema asante." Akaeleza kwamba tangu alfajiri hadi usiku yeye ni mtu wa kusema asante. Asante kwa maji. Asante kwa kuniinulia kijiko. Asante, mwanangu, kwa kunigeuza. "Na siku nikikasirika, siwezi kuonyesha. Nani ataninyanyua kesho?"

Jamani. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu uhuru wa mtu, sijakutana na hoja nzito kama ile. Mtu ambaye hawezi kukasirika kwa sababu anahitaji kugeuzwa kitandani amenyang'anywa kitu, ingawa hakuna hata mmoja aliyemnyang'anya. Sisi tunasema mtu ni watu, na ni kweli. Lakini methali hiyo inapendwa zaidi na yule anayenyanyua kuliko yule anayenyanyuliwa kila siku. Mbwa akiokota kijiko hadai asante, anafurahia kupapaswa basi. Tena mambo yanageuka: yule aliyekuwa anahudumiwa tu, sasa kuna kiumbe kinamtegemea yeye kwa chakula, kwa maji, kwa matembezi. Anakuwa mlezi.

Kwa hiyo kwa mpinzani wangu nasema hivi. Taabu za watu hazipimwi zote kwa mizani moja. Mia wanaohitaji viti wapatiwe viti, na hilo ni deni letu sote. Lakini haifuati kwamba yule mmoja ambaye kiti peke yake hakimtoshi aambiwe angoje hadi viti viishe duniani. Tukifuata hesabu hiyo, hakuna hospitali ingemtibu mgonjwa wa saratani hata mmoja, maana dawa za malaria ni rahisi zaidi. Ambacho siwezi kumjibu kikamilifu ni kwamba mbwa hawa wanapatikana zaidi kule kwenye fedha. Hapo ananibana, na nakubali kubanwa.

Je, mbwa mwenyewe? Hakuombwa ruhusa. Amezaliwa, amelelewa, amepangiwa maisha yote kwa ajili ya mtu mwingine. Mtakatifu Thoma wa Akwino hana tatizo sana na hilo: kwa mpangilio wa viumbe, mnyama yupo kwa matumizi ya mwanadamu, na Maandiko yanapokataza ukatili kwa wanyama, yanataka mtu asije akazoea na kuwa katili kwa watu. Kant, aliyekuja karne nyingi baadaye, anakaribiana naye. Anatoa mfano wa mtu anayempiga risasi mbwa wake mzee aliyemtumikia kwa uaminifu, eti kwa kuwa hana kazi tena. Kwa Kant, mtu huyo hajamkosea mbwa, ila ameuharibu ubinadamu ndani yake mwenyewe. Wote wawili wanamtazama mtu tu. Mimi naona Katekisimu, namba 2416, inakwenda hatua moja mbele: wanyama, kwa kuwepo kwao tu, wanamtukuza Mungu. Maana yake mbwa ana thamani fulani kabla hajafungua mlango wowote. Namba inayofuata inaruhusu wanyama wafugwe na kutusaidia kazi. Basi ruhusa ipo, lakini huyu anayetumika si chombo kama nyundo. Na kwa vile hawezi kusema "nimechoka", lazima awepo mtu wa kusema kwa niaba yake.

Hapa ndipo nawaona viongozi wa mashirika haya wamekalia kiti cha moto. Hebu fikiria. Orodha ya wanaosubiri ni ndefu, mtu anaweza kungoja mwaka na zaidi. Wafadhili wanataka kuona mbwa wamekabidhiwa, wanataka picha. Mbele yako kuna mbwa mzuri, mpole, amegharimu fedha nyingi, ila akisikia honi anatetemeka. Na kuna mama anayepiga simu kila wiki kumuulizia mwanawe. Huruma ya juu juu inasema mpe tu. Kiongozi mzuri anasema hapana. Kwa sababu siku honi itakapolia katikati ya barabara, mbwa ataruka, na kiti kitamfuata. Na mbwa naye ataishi kwa hofu kazini siku zote za maisha yake. Kukataa huko hakupigwi picha. Mbwa wa namna hiyo anapewa familia impende tu, au anaelekezwa kazi nyingine, na wenyewe hawasemi "amefeli", wanasema amebadilisha kazi. Nami nimelipenda neno hilo, hasa nikikumbuka wenzetu wanaotoka seminarini halafu mtaani wanaitwa majina.

Kuna kiongozi mmoja wa Uingereza ambaye habari zake zinanigusa zaidi kuliko za Bergin. Anaitwa Allen Parton. Alikuwa mwanajeshi wa majini, akaumia vibaya kichwani mwaka 1991 wakati wa Vita vya Ghuba. Alipoteza uwezo wa kutembea, kusema kukawa shida, na kumbukumbu zikafutika kiasi kwamba hakumkumbuka mkewe wala watoto wake. Mke wake ndiye aliyekuwa anajitolea na shirika la mbwa wasaidizi, na huko Parton akakutana na Labrador aitwaye Endal. Endal mwenyewe miguu yake ya mbele ilikuwa na ugonjwa wa viungo! Wakapatana. Parton alipokuwa hawezi kutamka, alitumia ishara za mikono, na mbwa akajifunza ishara hizo nyingi mno. Mwaka 2001 gari lilimwangusha Parton kutoka kwenye kiti chake. Endal akamlaza kwa ubavu, akamfunika blanketi, akamsogezea simu, kisha akaenda kubweka hotelini mpaka watu wakaja. Endal alikufa mwaka 2009. Mwaka uliofuata Parton alianzisha shirika lake, Hounds for Heroes, la kuwapa mbwa wanajeshi na watu wa huduma za dharura walioumia.

Mwaka 2002 Endal alikuwa amepewa Medali ya Dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la tiba kwa wanyama. Medali hiyo hiyo mwaka 2020 alipewa Magawa, panya buku aliyezaliwa na kufundishwa Morogoro na shirika la APOPO, akaenda kunusa mabomu ya ardhini Kambodia. Nawakumbusha tu wale wanaodhani mambo ya kufundisha wanyama ni ya wazungu peke yao.

Nirudi kwa Parton. Aliongoza kazi ambayo kwanza aliipokea. Alipokaa mbele ya askari mwenye hasira aliyekatwa miguu, hakuwa na haja ya kumwambia "naelewa". Sisi tunaojiandaa kwa upadre tunafundishwa mambo mengi ya uongozi, lakini nadhani hili halifundishiki darasani: kuna mamlaka ambayo mtu anaipata kwa kuwa amewahi kuhudumiwa, tena akiwa hana cha kurudisha.

Biblia yetu ina mbwa mmoja ninayemfikiria sana. Yumo katika kitabu cha Tobiti. Tobia kijana anapoanza safari na malaika Rafaeli, mwandishi anasema mbwa naye alifuatana nao, na wakati wa kurudi anatajwa tena. Hakuna anachofanya. Hafungui mlango, hafukuzi adui. Yupo tu, na mwandishi aliona ni vema tujue kwamba yupo. Halafu kuna wale mbwa wa Injili ya Luka, wanaokuja kulamba vidonda vya Lazaro mlangoni kwa tajiri. Wapo wanaosema mbwa wale walimwongezea adha. Mimi nikisoma naona kwamba katika lango lile, waliomsogelea Lazaro walikuwa wao tu. Na tajiri alikuwa na watumishi, alikuwa na fedha, alikuwa na ngazi.

Namba 2418 haiishii kwenye fedha. Inamalizia kwamba tunaweza kuwapenda wanyama, ila tusiwaelekezee ule upendo ambao ni haki ya watu peke yao. Hilo ni jaribu la kweli kwa wanaoishi na mbwa hawa, na kwa wanaowaongoza pia, maana mbwa ni rahisi kupendwa kuliko mama anayepiga simu kila wiki.

Mbwa msaidizi hufanya kazi miaka minane hivi, zaidi au pungufu, halafu anastaafishwa. Si kila mwenye ulemavu anaweza kumtunza mstaafu na wakati huo huo kumpokea mbwa mpya. Ikishindikana, wanatafutwa watu wa kumchukua, na mara nyingine simu inapigwa kwa ile familia iliyomlea akiwa mdogo, iliyomrudisha ikilia. Wanaulizwa kama bado wanamtaka, sasa akiwa na mvi usoni na hawezi tena kazi yoyote.