Nani Amekubaliana na Nani

Briji ni mchezo wa karata wa watu wanne, wawili wawili, na huanza kwa mnada. Kabla karata ya kwanza haijatupwa, kila mchezaji anataja dau kwa zamu, na dau hilo ni lugha: linamweleza mwenzako aliyeketi mbele yako una nini mkononi. Mnaweza kupatana maana zenu wenyewe, mradi kanuni za mashindano hazizikatazi. Kisichoruhusiwa ni kuificha. Mpinzani akiuliza dau lile lina maana gani kwenu, atajibiwa, na anayejibu si aliyelitaja bali mwenzake. Kudanganya kunaruhusiwa, mradi mwenzako naye awe gizani kama wapinzani.

Nilipomweleza mjomba wangu wa Ruangwa alicheka sana. Kijiweni kwao wawili wawili ni kukonyezana tu, na ufundi ni kutokamatwa. "Sasa raha iko wapi, mjomba?" Kisha akatulia. "Na wanunuzi wa korosho, wao wana sheria hiyo?"

Tangu siku hiyo swali lake limenikaa kuliko mengi ninayosoma kwenye shahada yangu ya uzamili.

Korosho za Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuzwa kupitia chama kikuu cha RUNALI, kwa stakabadhi ghalani. Kwa miaka mingi wanunuzi waliandika bei kwenye karatasi, zikatiwa sandukuni, zikafunguliwa mbele ya wakulima, nao wakakubali au wakakataa. Mwaka 2024 mnada ukahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa TMX. Sanduku au kompyuta, nguvu ya siri ile ni moja: kila mnunuzi hajui mwenzake ataandika nini, kwa hiyo anaogopa kuandika kidogo. Wawili wakishapatana usiku gesti, siri haimfichi tena mnunuzi kwa mnunuzi. Inabaki kumficha mkulima peke yake.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kupanga zabuni namna hiyo. Lakini utajuaje? Oktoba 2018 wakulima wa kusini waligomea bei zilizokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, wakati msimu uliotangulia walishaona zaidi ya 4,000. Novemba 12 serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa 3,300. Vijiweni walisema wanunuzi wamepanga. Wengine walisema soko la dunia limeshuka. Mimi sina ushahidi wa kumtia mtu hatiani, na hapo ndipo penye ubaya wenyewe: bei iliyoshuka na bei iliyopangwa zinafanana kabisa zikiwa kwenye karatasi. Hata briji imewahi kukwama hapo. Mwaka 1965, kwenye mashindano ya dunia Buenos Aires, Waingereza Terence Reese na Boris Schapiro walishutumiwa kupeana ishara kwa vidole. Shirikisho la dunia likawaona wana hatia. Uchunguzi wa London ukawasafisha.

Mwanafunzi mwenzangu alinibana: mbona wakulima nao wamepatana? Ushirika ni nini, kama si wauzaji kukubaliana wasiuze mmoja mmoja? Ni kweli, na sitaki kulikwepa kwa kusema tu kwamba wao ni maskini. Jibu langu ni la briji. Mapatano ya wakulima yana jina, ofisi na mkutano wa hadhara. Mnunuzi anapoingia Nachingwea anajua anakabiliana na nani. Mkulima anadhani mbele yake wamekaa wapinzani watano, kumbe ni mtu mmoja mwenye mikono mitano. Anachofichwa si masharti ya mapatano tu. Anafichwa kwamba mapatano yapo.

Basi wakiyatangaza? Wakisimama mnadani waseme, "Tumepatana, hatuvuki 2,000"? Hapo naona briji inaniacha njiani. Ukweli ungemwezesha mkulima kukataa akijua anachokataa, na hilo si dogo. Ila kwenye briji anayejibiwa swali lake anaweza kupita, akasubiri karata nyingine. Korosho za mjomba zimeshapimwa, zimo ghalani, na Januari shule zinafunguliwa. Nilimuuliza kama angependa kuambiwa wazi.

"Ningependa," alisema. "Halafu ningeuza."