Hati Isiyo na Kiwanja

Watu wawili wakishika hati mbili za kiwanja kimoja, jambo ambalo wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa, bado kuna mahali pa kwenda kuuliza. Kuna bikoni chini ya nyasi, kuna mwembe, kuna jirani mzee anayekumbuka nani alianza kulima pale. Karatasi zinagombana, ardhi imetulia. Sasa chukua anwani ya intaneti, ile namba inayoitambulisha kompyuta au mtandao ili data ijue pa kwenda. Katika mfumo wa zamani, ambao bado unabeba mzigo mkubwa, namba hizo ni 4,294,967,296, wala haiongezeki hata moja, na chini yake hakuna udongo. Ukitaka kujua fungu fulani ni la nani, unafungua sajili. Sajili yenyewe ikijipinga, hakuna mwembe. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo naona wahandisi wameliachia mafundi wa kanzidata bila haki: karani wa sajili ya namna hii anaandika ukweli, au anauumba?

Aya ndefu kuliko zote katika Qurani inahusu kuandikiana deni, pamoja na karani mwadilifu na mashahidi. Lakini deni lile lipo kabla ya kalamu. Fedha imeshatoka mkono mmoja kwenda mwingine, na maandishi yanakuja kulinda kumbukumbu isipotee. Anwani ya intaneti haina tukio la namna hiyo nyuma yake. Mei 1972 Jon Postel, wakati huo mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliandika waraka mfupi kupendekeza awepo mtu mmoja wa kugawa namba rasmi katika mtandao wa utafiti wa Marekani, akajitaja mwenyewe kwa alama ya kuuliza. Kazi ya kugawa anwani, iliyokua kutokana na pendekezo lile, leo inafanywa na masjala tano za kanda. Ya Afrika, AFRINIC, iko Mauritius na ilitambuliwa rasmi mwaka 2005. Katika mnyororo wote huo, tendo la kugawa ni tendo la kuandika. Mwanafalsafa John Searle alieleza kwamba yapo mambo yaliyo kweli kwa kuwa tu watu wamekubaliana kuyachukulia hivyo, na noti ya benki ni mfano wake mashuhuri. Anwani imekwenda mbali kuliko noti, kwa maana noti angalau ina karatasi.

Tukikubali hilo, kosa la sajili linabadilika sura. Karani wa ardhi akiandika jina lisilo sahihi, ameusema vibaya ukweli uliopo nje ya ofisi yake. Masjala ya anwani ikiandika fungu moja kwa kampuni mbili, haijausema vibaya ukweli wowote, imeupasua, kwa kuwa hapa ukweli ni rekodi kutogongana. Ndiyo maana kanzidata hizi zina masharti yanayoonekana ya kikarani mno. Tazama rekodi moja kwa karibu: mstari wa juu unataja namba ya kwanza na ya mwisho ya fungu, chini yake jina la shirika na nchi, kisha vifupisho vya watu wa kuwasiliana nao, kila kifupisho kikielekeza kwenye rekodi nyingine yenye simu na barua pepe, kisha jina la mwenye ufunguo, yaani nani ameruhusiwa kubadili maandishi haya, mwisho tarehe ya badiliko la karibuni. Jaribu kufuta rekodi ya mtu ambaye bado anatajwa kwenye fungu fulani, na mfumo uliojengwa vizuri utakataa. Hauna njia ya kujua kama mtu huyo yu hai. Unachojua ni kwamba kuna mahali bado anaitwa.

Mhandisi wa mitandao atacheka hapa. Atasema ruta, yaani mashine inayopitisha data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, haisomi sajili, inasikiliza matangazo ya majirani zake, na anayesikika ndiye mwenye anwani. Ushahidi anao. Tarehe 24 Februari 2008, Pakistan Telecom, ikitekeleza amri ya serikali ya kufungia YouTube ndani ya nchi, ilitangaza fungu la anwani 256 kutoka ndani ya fungu la YouTube lenye 1,024. Tangazo likavuka mpaka. Ruta hufuata tangazo la fungu dogo zaidi, na kwa muda wa saa mbili hivi watu sehemu nyingi duniani waliotafuta YouTube walipelekwa Pakistan. Sajili haikuguswa hata herufi, na haikuzuia kitu. Pingamizi hili ni zito, ila linathibitisha kingine. Mbona liliitwa kosa? Kama kusikika ndiko kumiliki, kwa saa mbili zile anwani zilikuwa za Pakistan, na YouTube ilipozirudisha ndiyo iliyopora. Hakuna aliyesema hivyo. Tangazo la ruta ni tendo tu, na uhalali wa tendo ulipimwa kwa daftari ambalo ruta hazikulisoma.

Pingamizi la pili linanisumbua zaidi. Uongo nao unaweza kupangika. Wanazuoni wa hadithi za Mtume walilijua hili zamani: mzushi hodari haachi tundu katika mlolongo wa wapokezi, anautunga ukiwa umekamilika. Mwaka 2019 ilifichuka kwamba rekodi za anwani zaidi ya milioni 4 katika sajili ya AFRINIC zilikuwa zimechezewa, nyingine zikitoka kwenye akiba ya masjala yenyewe na nyingine zikiwa za mashirika yaliyozipata zamani, kabla masjala haijakuwepo. Kwa bei za soko za wakati ule, karibu dola 20 kwa anwani moja, hizo si pesa za chai. Na ukiifungua rekodi kama hiyo peke yake, huoni doa: jina lipo, mawasiliano yapo, ufunguo una mwenyewe. Kwa hiyo ulinganifu si ukweli. Nakubali. Lakini uongo ule ulionekanaje? Ulionekana kwa kulinganisha: rekodi ya leo na nakala yake ya zamani, jina la kampuni na historia ya kampuni hiyo. Mzushi aliipatanisha rekodi na leo yake, asiweze kuipatanisha na jana. Wanazuoni wale walifanya vivyo hivyo: walipoushuku mlolongo, waliuliza mpokezi huyu alizaliwa lini, na yule wa juu yake alikufa lini.

Nalazimika basi kurekebisha dai langu. Wajibu wa karani si rekodi zisizogongana leo tu. Hilo hata mwizi hulitimiza, tena kwa bidii. Wajibu wake ni kuzifanya zilingane na zilivyokuwa. Mhasibu wa zamani hakuruhusiwa kufuta kwa ufutio. Alipitisha mstari mmoja juu ya kosa, akaandika sahihi pembeni, akatia mkato wa jina lake, na lililokosewa likaendelea kusomeka. Wapo watakaouita ukali huu ukatili: kampuni huungana, watu hufa, ofisi huhama, na mwenye haki hunyimwa fungu lake kwa sababu barua ya mwaka 1994 ina jina la marehemu. Hutokea. Lakini anayeumizwa na jina la marehemu ana mahali pa kuanzia kudai. Aliyefutwa bila alama hana.

Na kile kicheko cha mhandisi kinaanza kupitwa na wakati. Kuanzia 2011 masjala zilianza kutoa vyeti vya kidijitali vinavyosema mtandao upi umeruhusiwa kutangaza fungu lipi, na ruta za watoa huduma wengi leo hukataa tangazo linalopingana na cheti. Daftari sasa linasomwa na mashine, na mashine haiulizi mara mbili. Ikiandikwa humo namba ya mtandao usio wenyewe, tangazo halali litakataliwa kimyakimya, fungu zima litapotea machoni pa sehemu ya dunia, na fundi wa zamu anayetafuta wa kumpigia simu atafungua rekodi ileile.