Sababu Nayo Ni Haki

Machi 2023 serikali ya Malawi ilitoa amri: wakimbizi wanaoishi mijini warudi Dzaleka, mwisho tarehe 15 Aprili. Mei polisi wakaanza msako Lilongwe. Jirani yangu, aliyekuwa na duka kule mjini, alirudi kambini na begi moja na daftari la watu wanaodaiwa.

Kwamba serikali ina uwezo huo, sibishi. Ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 ilijiwekea haki ya kutupangia mahali pa kuishi. Lakini Katiba ya Malawi, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kuamuliwa mambo yake kisheria na kwa utaratibu wa haki, tena apewe sababu kwa maandishi. Kila mtu. Haikusema kila raia.

Jirani aliniuliza: "Sasa ndugu, sababu itanirudishia duka?"

Hapana. Ila sababu unaweza kuijibu: hapa mmekosea, karatasi zangu hizi. Amri tupu utaijibu nini? Inakuhamisha kama gunia, na gunia haliulizwi.

Na sisi wenyewe je? Mama amepanga foleni tangu alfajiri, anafika dirishani anaambiwa, "Jina halipo, rudi kesho." Anayemwambia hivyo pengine ni mkimbizi mwenzake, pengine mfanyakazi wa shirika. Wote tunailaumu serikali. Basi tuanzie hapo dirishani: tumwambie mama kwa nini jina halipo, na aende kwa nani.