Je, Anasa ya Baharini Ni Dhambi?



Kuna swali limekuwa likizungumzwa nje ya kanisa baada ya ibada, nasi twaona afadhali lizungumzwe humu kuliko chini ya mti. Familia moja ya mtaa wetu, ambayo hatutaitaja jina, ina kijana anayehudumu mezani katika hoteli ya kitalii huko Unguja. Hoteli hiyo humruhusu mfanyakazi aliyetumika miaka kadhaa kuwaleta wazazi wake kwa siku mbili, kwa bei iliyopunguzwa sana. Kijana ameweka akiba. Ataka baba na mama yake, ambao maisha yao yote wamelima mtama na karanga na hawajapata kuiona bahari, walale wanapolala wageni na wale chakula katika ule mkahawa uliojengwa juu ya nguzo majini. Hata kwa bei hiyo ya hisani, gharama yote pamoja na nauli ingetosha kununua bati ishirini. Na nyumba ya mwinjilisti wetu, kama kila mtu ajuavyo, inavuja.

Mzee ametuuliza, "Mwalimu, je, twende?"

Twapenda kumjibu polepole, maana ndani ya swali lake mna maswali mawili, na wasemaji wengi wanayachanganya. Moja ni kama anasa yenyewe ni uovu. La pili ni nani hasa anayelipa gharama ya anasa hiyo.

Kwanza tuyaeleze mambo yenyewe, kwa sababu wengi wetu hapa Kibakwe tumeyaona kwenye simu za vijana tu. Nyumba za wageni zilizosimama juu ya bahari si jambo la kale. Wavuvi wa nchi nyingi wamejenga vibanda juu ya nguzo tangu zamani, lakini kumlaza mtalii humo kulianza mwaka 1967 katika kisiwa cha Raiatea, kwenye visiwa vya Polinesia vinavyotawaliwa na Ufaransa. Wamarekani watatu walikuwa na hoteli hapo, na mahali pao palikosa ufuko mzuri wa mchanga. Basi wakazijenga nyumba majini kwenyewe. Jambo lililoanza kama dawa ya upungufu likawa ndiyo fahari yenyewe. Visiwa vya Maldivi, katika Bahari hii hii ya Hindi, vilifungua hoteli yake ya kwanza ya kitalii mwaka 1972, na leo nyumba za juu ya maji ndizo picha ya nchi ile mbele ya dunia nzima.

Kwetu Tanzania jambo hili limekwenda mbele zaidi, au tuseme chini zaidi. Mwaka 2013, huko Pemba kaskazini, hoteli moja ilitia nanga chumba kinachoelea, kazi ya fundi wa Kiswidi aliyekwisha kujenga kingine cha namna hiyo katika ziwa la kwao. Ghorofa moja iko usawa wa maji, ya pili ni dari la kuotea jua na kutazama nyota, na chumba cha kulala kiko mita zipatazo nne chini ya uso wa bahari, chenye madirisha pande zote. Mgeni hulala huku samaki wakimtazama. Kwa usiku mmoja hutozwa zaidi ya dola 1,000. Mkulima wa hapa na apige hesabu mwenyewe ni magunia mangapi ya karanga.

Sisi tuliopata ualimu wetu katika siku ambazo somo la Siasa lilikuwa la lazima, mwaka 1967 tunaukumbuka kwa jambo jingine. Mwaka huo huo walipokuwa wakipigilia misumari kule Raiatea, sisi huku tulipata Azimio la Arusha, lililomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Na mwaka 1970 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokuwa katika Umoja wa Vijana wa TANU walianzisha mabishano makali gazetini: je, nchi ya kijamaa yafaa ijenge mahoteli ya watalii? Wengine walisema utalii utawafanya watu wetu kuwa watumishi wa kudumu wa watu wengine. Wengine walisema nchi yahitaji fedha za kigeni, na fedha haina rangi. Issa Shivji aliyakusanya mabishano hayo yakawa kitabu mwaka 1973. Waliohofia wakati ule hawakuwa wajinga, wala waliotaka hoteli hawakuwa wasaliti. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000. Kwa hiyo upande mmoja ulishinda kwa vitendo, lakini hatudhani kwamba ulishinda kwa hoja.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Je, kitanda laini ni dhambi? Hapa hatuna budi kuikumbuka habari ya yule mwanamke wa Bethania aliyevunja chupa ya marhamu ya thamani. Waliokuwapo walinung'unika, wakataja hesabu kabisa, dinari mia tatu, wakasema zingalisaidia maskini. Ni hesabu ile ile ya bati ishirini. Bwana wetu hakuikubali. Alimtetea mwanamke, na kazi yake akaiita njema.

Lakini tuwe waangalifu. Habari hii hupendwa sana na watu wanaotaka kujimwagia marhamu wenyewe. Mwanamke yule hakujimwagia. Alimmwagia mwingine, kwa kuwa alimpenda na kwa kuwa siku zilikuwa chache. Tofauti hiyo ni kubwa. Mtu anayelipa dola 1,000 ili alale na kuamka na kupiga picha zake mwenyewe hawezi kujificha nyuma ya mwanamke wa Bethania. Kijana wetu anaweza kusimama karibu naye. Yeye mwenyewe hatalala kitandani; siku hizo mbili atakuwa kazini, amevaa sare, akiwapelekea wazazi wake chai. Ameona miaka yote wageni wakipewa heshima ambayo baba yake hajapewa popote, hata ofisini pa serikali anapokwenda kuuliza habari ya shamba lake. Ataka aione mara moja ikiwa juu ya baba yake. Hatuwezi kuliita jambo hilo upotevu wa fedha.

Swali la pili ndilo gumu, nasi twakiri limetukosesha usingizi kuliko la kwanza. Anasa ina gharama isiyoandikwa katika ile karatasi anayopewa mgeni wakati wa kuondoka. Tuchukue maji, kwa kuwa sisi wa uwanda huu wa kati hatuhitaji kufundishwa thamani ya maji. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo ilijaza vyombo vyake Mpwapwa kabla ya kuingia nyika ya Marenga Mkali, yaani maji machungu, na wengine hawakufika ng'ambo. Hata leo, mvua zikikatika, mama zetu huchimba mchanga wa korongo na kungoja kata ijae. Unguja nako maji ya kunywa hutoka ardhini, chini ya mwamba wa matumbawe, na visima vikivutwa kupita kiasi maji ya chumvi huingia. Mwaka 2012 shirika la Kiingereza liitwalo Tourism Concern lilitoa taarifa juu ya vijiji vya pwani ya Unguja. Lilionyesha kwamba mkazi wa kawaida alitumia lita zipatazo 93 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia zaidi ya lita 3,000. Bustani, bwawa la kuogelea, mashuka yanayofuliwa kila siku: humo ndimo maji yanamokwenda.

Tusome tena habari ya tajiri na Lazaro kwa macho hayo. Wengi hudhani tajiri yule alihukumiwa kwa sababu ya zambarau na kitani na karamu za kila siku. Lakini tazameni vizuri. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliiba, wala kwamba alimfukuza Lazaro langoni. Tena alimjua. Alipokuwa katika mateso alimtambua kutoka mbali, akamtaja kwa jina lake. Alilijua jina la mtu aliyelala langoni pake, na bado alimpita kila siku. Na ombi lake la kwanza ni nini? Kwamba Lazaro atumwe amletee tone la maji kwa ncha ya kidole. Hata mahali pale, mambo yote yakiwa yamekwisha pinduka, bado anamwona Lazaro kama mtumishi wa kumletea kinywaji! Huo ndio ugonjwa wake. Mali ilimzoesha kuwaona watu wengine kama mikono ya kumhudumia.

Kwa hiyo twasema hivi: zambarau haikumwua tajiri, lango ndilo lililomwua. Na hoteli nyingi za fahari zimejengwa kwa lango. Mgeni huchukuliwa kutoka uwanja wa ndege, huingizwa, akala, akalala, akarudishwa, naye kijiji kilicho nje ya ukuta hakukiona ila kwa kioo cha gari. (Habari ya mavazi ya wageni katika vijiji vya ndugu zetu Waislamu tunaipita, ingawa nayo ni adabu ya lango lile lile.)

Si lazima iwe hivyo, na hili tunalisema kwa furaha. Kiko kisiwa kidogo cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja. Matumbawe yake yalitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Nyumba za wageni zilizojengwa pale ni chache, na paa la kila nyumba limetengenezwa kukinga maji ya mvua, yakahifadhiwa chini ya sakafu. Mgeni akiyamaliza, ameyamaliza yake mwenyewe, si ya mama wa kijijini. Wavuvi wa zamani walifundishwa wakawa walinzi wa matumbawe, na watoto wa shule hupelekwa kusoma viumbe vya bahari. Wageni hulipa bei kubwa, na wanaburudika. Kama mwalimu angetaka kuonyesha darasani kwamba raha ya mtu mmoja si lazima iwe kiu ya mwingine, angewapeleka huko. Na sisi wenye mapaa ya bati tusiyoyawekea hata mfereji mmoja tungefaa kwenda pamoja na darasa.

Kuna jambo moja tena, ambalo wazungumzaji wa chini ya mti hawakuligusa. Amri ya Sabato haikumpumzisha mwenye nyumba peke yake. Ilimtaja mtumwa na mjakazi, ikamtaja mnyama, ikamtaja hata mgeni aliye ndani ya malango. Pumziko la Mungu halijengwi juu ya uchovu wa mtu mwingine. Hoteli haifungi Jumapili, hilo twalielewa. Hospitali nayo haifungi. Lakini katika hospitali wauguzi hupeana zamu. Vijana wetu wengi sasa wako mwambao, na tunapowauliza habari ya ibada hutujibu juu ya mishahara.

Basi, Mzee, jibu letu ni kwamba mwende. Mwende mkivuna, mkapande treni mpya ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, kisha boti. Mkifika Unguja mpite Mkunazini, mwone kanisa kuu alilolijenga Askofu Steere mahali palipokuwa soko la watumwa. Watu wa bara walifika pale kwa miguu, wamefungwa. Ni vema mzazi wa Kibakwe afike amealikwa na mwanawe. Msilale siku zote mbili ndani ya ukuta. Mwombeni kijana awapeleke kijijini wanakoishi watumishi wenzake, mkawasalimu wazazi wa huko. Ninyi lango hilo mnaweza kulipita kwa urahisi kuliko wageni wengine.

Kuhusu bati, tuseme wazi. Nyumba ya mwinjilisti ilikuwa ikivuja kabla kijana huyu hajapata kazi. Ni deni la mtaa mzima, na halmashauri ya kanisa haina haki ya kumwandikia mtu mmoja deni la watu wote eti kwa kuwa amemkumbuka mama yake. Sisi tumekwisha toa bati mbili, ziko kwa mtunza hazina, na daftari la ahadi liko mezani pake.

Kijana naye tumemwandikia barua. Hatukumwuliza habari za bei wala za samaki. Tumemwuliza ni Jumapili ngapi kwa mwaka anapewa ruhusa, na kama wenzake Waislamu wanapata nafasi ya sala ya Ijumaa. Jibu lake bado hatujalipata.