Ujira wa Mbinguni

Tulipokuwa mjini Unguja, baada ya Misa ya Dominika katika kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile ambalo wenyeji huliita Minara Miwili, kijana mmoja wa shule alitujia na kutusalimu: "Tumsifu Yesu Kristu, Padre." Tulipokwisha kumwitikia, alituuliza swali ambalo yaonekana alikuwa amelibeba siku nyingi. Alisema: "Katika katekisimu tumefundishwa kwamba Mungu huwapa watu wema tuzo mbinguni. Basi nikimpa maskini shilingi elfu moja kwa kutazamia tuzo hiyo, mimi na mfanya biashara wa Darajani tuna tofauti gani? Yeye atafuta faida, nami natafuta faida."

Hatukumjibu vizuri siku ile. Tulimwambia maneno ya haraka juu ya neema na mastahili, naye akaenda zake kwa adabu, bila kuridhika. Swali lake lastahili jibu refu zaidi, kwa maana si lake peke yake. Wako wazazi Wakristu wengi wanaowalea watoto wao kwa hesabu: ukisali, utapewa; ukitii, utakwenda mbinguni; ukiiba, utakwenda motoni. Maneno hayo si ya uongo. Lakini mtoto aliyelelewa kwa hesabu tupu, siku moja atapiga hesabu mwenyewe, na huenda akaona kwamba dunia hulipa mapema zaidi.

Watu wa Unguja waijua vizuri kazi ya kulipwa kwa kipimo. Msimu wa karafuu ukifika, wachumaji hupanda mikarafuu tangu asubuhi, na jioni walichokichuma hupimwa kwa pishi. Pishi nyingi, fedha nyingi. Pishi chache, fedha chache. Ni haki, wala hakuna wa kunung'unika. Wengi wetu twaiwaza mbingu kwa namna hiyo hiyo: Mungu ameketi mlangoni na pishi yake, nasi tumejipanga mbele yake na mapakacha yetu yaliyojaa sala, mifungo na sadaka.

Bwana wetu alijua kwamba tutawaza hivyo, akatoa mfano wa mwenye shamba la mizabibu. Waliofanya kazi tangu alfajiri walipata dinari moja, na walioingia shambani saa kumi na moja, jua likiwa linakuchwa, nao walipata dinari moja. Mchumaji wa karafuu akiusikia mfano huo hana budi kukasirika. Na pengine yule asiyekasirika hajausikia sawasawa. Mwenye shamba hakumdhulumu mtu, maana wa kwanza aliwapa kile walichopatana. Ila hakukubali wema wake upimwe kwa pishi.

Tena lugha yetu yenyewe yatufundisha. Twamwita Kristu Mkombozi. Kukomboa ni kutoa mali ili kukirudisha kitu kilichowekwa rehani, au kumtoa mtu utumwani. Katika mji wa Unguja neno hilo halikuwa fumbo. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipokubali mkataba na Waingereza. Kabla ya hapo, mapadre Wakatoliki waliofika mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion, na wale wa Shirika la Roho Mtakatifu waliowafuata mwaka 1863, walitoa fedha wakawakomboa watu, hasa watoto. Na tangu mwaka 1868 wengi wao walipelekwa Bagamoyo. (Yatupasa kukiri kwamba huko waliokombolewa walifanya kazi katika mashamba ya misioni chini ya sheria kali, na wako wanaouliza kama uhuru wao ulikuwa kamili. Ni swali la haki, wala tusilikwepe.) Mtoto aliyekombolewa hakuwa na la kumdai aliyemkomboa. Akipewa chakula, nguo na mahali pa kulala, amepewa bure. Ndivyo tulivyo sisi mbele ya Mungu. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba Mungu anapoyatuza mastahili yetu huyatuza mapaji yake mwenyewe, na Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, uliyashika mafundisho hayo. Mastahili yapo kweli, kwa sababu Mungu ameahidi, naye hasemi uongo. Lakini mzizi wake ni neema.

Je, basi tuache kabisa kunena habari za tuzo? Wako watu wa elimu wasemao kwamba mtu mwema kweli hatazamii chochote, na kwamba habari za mbinguni ni za kuwabembeleza maskini wakae kimya. Maneno hayo ni matamu kinywani mwa aliyeshiba. Sisi twapenda kuwauliza watu hao juu ya mwaka 1897. Mwezi wa Aprili mwaka ule, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Amri hiyo iliweka fidia. Nani alilipwa? Alilipwa bwana, kwa kuwa amempoteza mtumwa wake. Mtumwa mwenyewe, aliyepalilia mikarafuu na kuichuma tangu ujana wake, hakuandikiwa hata pesa moja. Tena ilimpasa aende yeye kuuomba uhuru wake. Hesabu ikafungwa hivyo kwa amri ya serikali. Sasa wote wamekwisha kufa, mabwana kwa watumwa, wala hakuna mahakama duniani iwezayo kuwaita tena.

Mtume Yakobo aliandika kwamba ujira wa wavunaji, uliozuiliwa na matajiri, walia, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana. Kama hakuna Hukumu ya mwisho, kilio hicho hakijafika po pote, na ile fidia ya mwaka 1897 ndiyo neno la mwisho juu ya watu wale. Sisi hatuwezi kukubali hivyo, na hatudhani kwamba kijana wetu aweza. Twasema katika Nasadiki kwamba Kristu atakuja kuwahukumu wazima na wafu. Aliyedhulumiwa hufarijika kwa maneno hayo. Tunaoyasikia kwa hofu ni sisi wenye deni, na yafaa tujiulize ni ujira wa nani tunaouzuia leo: wa mtumishi wa nyumbani, wa mpagazi, wa mchumaji.

Lakini ni nani basi watakaotuzwa siku hiyo? Tusome tena sura ya 25 ya Mathayo. Wenye haki wanapoitwa kuupokea ufalme, wanashangaa. Wauliza ni lini walimwona Bwana ana njaa, ni lini walimwona uchi. Hawakumbuki! Hawakuwa na daftari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika bahari ya Nungwi. Watu wengi mno walikufa. Zaidi ya 600 waliokolewa. Wako walioelea kwa kushikilia magodoro mpaka wavuvi wa pande zile walipotoka na vyombo vyao kuwaokoa. Haielekei kwamba mvuvi, akiwa amenyosha mkono kumvuta mtu kutoka majini, alikuwa akihesabu atalipwa nini, wala kwamba alimwuliza dini yake kwanza. Wavuvi wa huko ni Waislamu. Si kazi yetu kuwapimia thawabu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulifundisha kwamba wasiomjua Kristu pasipo kosa lao, nao wamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri zao kwa msaada wa neema, waweza kuupata wokovu. Sisi tuliopewa imani tumepewa zaidi, na kwa hiyo tutaulizwa zaidi.

Tukimwona tena kijana yule, tutamwambia hivi. Mfikirie mwanamke wa pwani ambaye mumewe amesafiri kwa jahazi wakati wa kusi. Miezi yote aitunza nyumba, awalea watoto, auangalia upepo. Kaskazi inapoanza kuvuma, mume aleta fedha nyingi kwa mkono wa nahodha mwingine, naye mwenyewe abaki ng'ambo. Mfanya biashara wa Darajani angesema mwanamke huyo amelipwa vizuri. Yeye mwenyewe atalia. Alimtaka mumewe, na tuzo yake ilikuwa kumwona akiingia mlangoni. Kanisa linaposema mbingu, lasema kumwona Mungu uso kwa uso. Atakaye kitu kingine, dhahabu au raha au jina, aweza kufika mlangoni pale akakuta hakuna anachokitaka.

Na ile shilingi elfu moja? Ampe maskini leo, hata kama moyo wake ungali na biashara ndani yake. Mungu atausafisha moyo huo, hapa au toharani. Maskini ana njaa sasa.